Sauti Njema Katika Pikapu Kuukuu

Mtu akisimama alfajiri kando ya barabara iingiayo sokoni Karatina, kabla ukungu haujajitenga na migongo ya Mlima Kenya, ataziona pikapu zikiteremka moja baada ya nyingine zimesheheni kabeji, viazi na karoti: Peugeot 504, iliyoendelea kuunganishwa hapa Kenya hadi mwaka 2004, Isuzu za dizeli zenye milango iliyokwisha kupakwa rangi mara mbili au tatu, na Toyota Hilux ambazo umri wake wauzidi umri wa vijana wanaoziendesha. Injini za magari haya hutunzwa kwa hadhari kubwa, kwa kuwa ndizo riziki. Bali redio zake aghalabu ni spika moja iliyotoboka, iliyofichwa chini ya dashibodi, inayokoroma kila sauti inapopandishwa ili iishinde injini. Dereva atokaye Othaya kwenda Nanyuki na kurudi hukaa humo saa nyingi kwa siku, nami sioni sababu ya mtu huyo kunyimwa haki ya kusikia taarifa ya habari bila kuyakisia maneno, au wimbo wa marehemu Joseph Kamaru bila gitaa lake kugeuka kuwa kelele za bati.

Dhana iliyoenea ni kwamba sauti njema ni anasa ya wenye mali, na dhana hiyo hulishwa na maandishi ya makasha. Kasha la redio ya bei nafuu huandikwa wati 50 mara nne, yaani wati 200. Lakini mnunuzi akiigeuza redio hiyo akaitazama fyuzi iliyo mgongoni mwake, mara nyingi ataikuta ni ya ampia 10, na kwa kuwa umeme wa gari injini ikiwa inanguruma ni takriban volti 14, redio yote haiwezi kula zaidi ya wati 140 kwa mfululizo, na sehemu ya hizo hupotea kuwa joto. Kinachoifikia kila spika bila kukwaruza ni wati 15 hadi 20 hivi. Hesabu hiyo isimhuzunishe mtu, maana chumba cha dereva wa pikapu ni kidogo, na wati 15 zikipata spika inayostahili huwatosha dereva na utingo wake hata dizeli ikilalamika mlimani.

Kwa hiyo katika kila shilingi 10 za matumizi, mimi ningezitenga 4 kwa ajili ya spika. Na la kuuliza dukani si wati, bali ni wepesi wa spika kuitika, ambao huandikwa kwa desibeli zinazopimwa kwa wati 1 katika umbali wa mita 1: spika ya desibeli 91 hutoa kwa wati 10 sauti ileile ambayo spika ya desibeli 88 huitoa kwa wati 20, ndiyo kusema desibeli 3 zilizochaguliwa kwa makini ni sawa na kuongezewa nguvu maradufu pasipo kununua amplifaya. Tena katika miji yetu hii, ambako mvua na ukungu hupenya kwenye mpira wa dirisha uliochakaa na kutiririka ndani ya mlango, koni ya karatasi tupu hunyonya unyevu, ikalegea na hatimaye ikaoza; ya plastiki huvumilia zaidi, hasa ikivishwa kwa juu kipande cha plastiki cha kuyakinga maji.

Mlango wenyewe ni nusu ya spika, na hili wengi hawalijui. Koni inaposukuma hewa mbele, huivuta ile ya nyuma, na sauti hizi mbili zikikutana kupitia matundu ya bati la ndani huuana, besi ikapotea kabisa. Matundu hayo huzibwa kwa vipande vya bati jepesi vilivyobandikwa kwa lami, au kwa mpira wa tyubu kuukuu uliokatwa na kukazwa kwa skrubu, gharama yake ikiwa takriban si kitu. Isipokuwa yale matundu madogo ya chini kabisa yasiguswe, kwani ndiyo yatoayo maji, na mtu akiyaziba, mlango wake utaliwa na kutu.

Mimi mwenyewe niliwahi kufungiwa spika mbili mpya na fundi mmoja, nikaondoka nimefurahi, kisha nikashangaa kwamba spika moja ikizimwa besi huongezeka. Nilikaa na kitendawili hicho miezi miwili, mpaka mzee mmoja mwenye kibanda mjini Nyeri alipofungua mlango, akazifungua nyaya, akachukua betri ndogo ya tochi ya volti 1.5 na kuigusisha kwenye ncha za spika huku akinionyesha kwa kidole: upande wa kulia koni iliruka nje, upande wa kushoto ikaingia ndani.

“Spika zako hazina kosa,” akasema. “Huyu anasukuma, mwenzake anavuta.”

Akazibadilisha nyaya za upande mmoja, akazilehemu badala ya kuzisokota kwa vidole, na besi ikarudi.

Nyaya ndizo mahali ambapo ubahili huleta hasara. Pikapu ya miaka 30 ina kutu kwenye kila kiungo, na waya wa hasi uliofungwa juu ya rangi au kutu huzaa ule mluzi unaopanda na kushuka kadiri injini inavyokanyagwa. Bati likwanguliwe hadi ling'ae, waya ukazwe kwa boliti, kisha upakwe grisi. Waya wa chanya utokao moja kwa moja kwenye betri uwe na fyuzi yake karibu na betri, umbali kati yao usizidi urefu wa mkono, kwa sababu waya usio na fyuzi ukichunika na kugusa bodi unaweza kuliteketeza gari lote pamoja na mzigo.

Redio yenyewe nimeiacha nyuma kwa makusudi. Anayeuziwa redio ya mtumba iliyotoka Japani na aulize masafa yake, maana redio za zamani za huko hushika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, na stesheni zetu zimo kati ya 88 na 108. Kile kifaa kidogo kinachofungwa kwenye antena ili kuyahamisha masafa hakina muujiza: dirisha la megahezi 14 haliwezi kuufunika uwanja wa megahezi 20, na baadhi ya stesheni zitabaki nje. Heri redio mpya ya kawaida yenye mahali pa kuchomeka flashi. Na antena iliyovunjika isirithiwe na kipande cha waya wa ua. Mawimbi ya FM yana urefu wa mita 3 hivi, na robo yake, yaani sentimita 75, ndio urefu ufaao kwa antena ya chuma iliyosimama wima, nayo ni faida kubwa katika mabonde ya Tetu na Mukurwe-ini ambako kila mgongo wa kilima huikatiza sauti.

Amplifaya na sabwufa ni za mwisho, na wengi hawatazihitaji: nyuma ya kiti hakuna nafasi, altaneta kuukuu ina kazi ya kutosha ya taa usiku, na kanuni za kelele za mwaka 2009 zinawahusu wenye pikapu pia. Mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu mwezi huu na anunue waya mzuri na fyuzi, aufunge vyema. Spika azinunue mwezi ujao.