Kizuizi bila mlinzi hakimzuii adui: Funzo la Makupa kwa wachezaji wa michezo ya vita

RAMANI ya Mombasa yaweza kumfunza mchezaji wa michezo ya vita jambo ambalo wengi hulitambua baada ya kushindwa mara kadhaa. Kisiwa hicho kimezingirwa na maji, na anayetaka kukiingia kutoka bara ana njia tatu kuu: Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini na Changamwe upande wa magharibi. Kwa mtazamo wa haraka, maji hayo ni ngome tosha. Historia, hata hivyo, yaonyesha kwamba maji peke yake hayakuwahi kumzuia mtu aliyedhamiria kuvuka.

Michezo inayozungumziwa hapa ni ile ya mezani, ambayo asili yake ni Prussia. Mwaka wa 1824 jeshi la nchi hiyo liliupokea mchezo uliobuniwa na ofisa Georg von Reisswitz, likautumia kuwanoa maofisa wake. Zaidi ya karne moja baadaye, kampuni ya Avalon Hill ya Marekani iliwauzia raia michezo kama PanzerBlitz mwaka wa 1970 na Squad Leader mwaka wa 1977. Ubao wake ni ramani iliyogawanywa katika vyumba vya pembe sita, kete huwakilisha vikosi, na dadu huamua matokeo ya mapigano.

Tofauti na bao au drafti, ambapo kila kete huonekana, michezo mingi ya aina hii humruhusu mlinzi kuficha baadhi ya silaha zake. Kabla ya mchezo kuanza, yeye huandika kwa siri vyumba alivyotega mabomu ya ardhini. Aidha hupewa kete chache za seng'enge na vizuizi vya barabarani. Hapo ndipo mchezaji mgeni hukosea. Huzitandaza kete hizo katika mstari mmoja kutoka pembe hii ya ramani hadi ile, kisha akavipeleka vikosi vyake kwingine, akiamini kwamba mlango amekwisha kuufunga.

WAREKODI WA MAKUPA

Kosa hilo lilionekana Makupa mnamo Machi 1589. Wakati huo Waturuki walioongozwa na Mir Ali Bey walikuwa wamepiga kambi kisiwani, wakishirikiana na wenyeji dhidi ya Wareno. Ng'ambo ya pili, upande wa bara ambako leo ni Changamwe, walikuwapo wapiganaji wa Kizimba waliotoka pande za kusini. Maji yalipokupwa, mtu aliweza kuvuka Makupa kwa miguu. Kilichowazuia Wazimba hakikuwa maji, bali merikebu za Waturuki zilizowekwa hapo na mizinga yake.

Kundi la merikebu za Wareno kutoka Goa, chini ya Tomé de Sousa Coutinho, lilipowasili liliziteka merikebu hizo za ulinzi. Mkondo wa maji haukubadilika hata kidogo. Upana wake ulikuwa ule ule wa jana. Lakini kwa kuwa hapakuwa tena na wa kuulinda, Wazimba walivuka, na ulinzi wa kisiwa ukaporomoka. Mir Ali Bey mwenyewe aliangukia mikononi mwa Wareno. Baadaye Wareno nao walijenga ngome ndogo mahali hapo hapo Makupa, ishara kwamba walikuwa wamelielewa somo.

Kwa mchezaji, kanuni inayotokana na kisa hicho ni moja: kizuizi hakiui vita, hununua muda. Adui anapokwama katika seng'enge au anapopunguza mwendo kwa kuhofia mabomu, mlinzi hupata zamu moja au mbili za ziada. Zamu hizo zina faida iwapo tu kuna bunduki au mzinga unaoliona eneo hilo. Pasipo na silaha, adui huwaleta wahandisi wake wa kijeshi, akayaondoa mabomu bila haraka, na safari ikaendelea.

Umbali nao una uzito wake. Kizuizi kikiwa mbali mno, risasi za mlinzi hupungua nguvu. Kikiwa pua na mdomo na mahandaki yake, adui aliyenusurika huruka na kuvamia papo hapo. Mahali pafaapo ni pale ambapo silaha zinafika vyema, ilhali adui hawezi kuzifikia kwa zamu moja.

HOFU KATIKA BANDARI YA TANGA

Kipo pia kizuizi ambacho hakipo. Mnamo Novemba 2, 1914, manowari ya Uingereza Fox ilitia nanga nje ya Tanga, ikifuatwa na kundi la meli lililobeba askari wapatao 8,000. Kamanda wake, Francis Caulfeild, aliutaka mji usalimu amri, na akataka pia kujua kama bandari ilikuwa imetegwa mabomu. Hakupata jibu la kumtuliza moyo, hivyo kazi ya kuyasaka mabomu majini ikaanza. Hayakupatikana.

Askari waliteremshwa Ras Kasone, kando ya mji, badala ya kuingia moja kwa moja bandarini. Wakati huo Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa akiwasafirisha wapiganaji wake kwa garimoshi kutoka upande wa Moshi. Vita vikuu vilipopiganwa Novemba 4, Wajerumani na askari wao, waliokuwa takriban 1,000, waliwashinda wavamizi, ambao walirejea Mombasa. Zilikuwapo sababu nyingine nyingi za kushindwa huko, lakini shaka juu ya mabomu ilichangia kuula muda uliokuwa wa thamani kubwa.

Ndiyo sababu mchezaji stadi huilinda siri yake. Akishalipua bomu moja mbele ya adui, vyumba vingine vitatu visivyo na kitu huogopwa vivyo hivyo. Baadhi ya michezo hata humpa kete bandia kwa madhumuni hayo.

KUMWELEKEZA ADUI

Tuseme mlinzi wa kisiwa cha Mombasa amepewa kete sita za mabomu. Kuzigawa mbili mbili kati ya Likoni, Kisauni na Changamwe ni kuwa dhaifu pote. Likoni kuna mkondo wenye kina, na adui anahitaji vyombo. Huenda kikosi kidogo na kizuizi cha barabarani katika gati vikatosha kutoa onyo. Kete nyingi zaweza kwenda Kisauni, ili njia hiyo ionekane ghali. Adui akigeukia Makupa, aikute mizinga imeelekezwa huko tayari. Mlango ulioachwa wazi kwa makusudi una kazi kubwa kuliko ukuta mzima.

Isitoshe, mlinzi asijifungie mwenyewe. Katika michezo mingi mabomu hayabagui. Humdhuru aliyeyatega sawa na adui. Njia ya askari wa akiba kutoka na kujibu shambulio sharti iachwe tangu mwanzo.

Kwa mshambuliaji, funzo ni lile lile likigeuzwa. Asiulize kwanza mabomu yapo wapi, bali ni silaha ipi inayoyalinda. Hiyo ndiyo ya kunyamazishwa kwanza, kwa mizinga au kwa moshi wa kuficha mwendo, kabla ya wahandisi kutumwa mbele.

Mchezo unapomalizika, kete hurudishwa sandukuni na mabomu yote huwa yamekwisha. Ardhini mambo si hivyo. Bomu lililotegwa hubaki likingoja miaka mingi baada ya askari kurudi makwao, na anayelikanyaga aghalabu ni mkulima au mtoto. Kwa sababu hiyo mataifa yalitia saini mkataba wa kuyapiga marufuku mabomu hayo mjini Ottawa mwaka wa 1997. Kenya iliuidhinisha mwaka wa 2001, na mwaka wa 2004 Nairobi ikawa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa kuutathmini. Kizuizi kisicho na mlinzi hakimzuii adui. Kilichosahauliwa na mlinzi wake huwaua wasiokuwa adui wa mtu.