Kukata Picha za Video kwa Amri za Maandishi

Mtafiti wa fasihi simulizi aliyerekodi msimulizi kwa saa 2 mara nyingi huhitaji dakika moja tu ya kuwaonyesha wanafunzi. Programu ya FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000 na kutolewa bure, humpatia kipande hicho kwa amri za kuandikwa.

Kwanza hutazama. Amri hii huonyesha sekunde 60 kuanzia dakika 12 na nusu, bila kuligusa faili:

ffplay -ss 00:12:30 -t 60 hadithi.mp4

Mipaka ikiridhisha, hukata:

ffmpeg -ss 00:12:30 -i hadithi.mp4 -t 60 -c copy kipande.mp4

Maneno «-c copy» yana faida na hatari. Kwa kuwa hunakili data kama ilivyo, kazi huisha upesi na ubora haupungui. Lakini katika video iliyobanwa, picha zilizohifadhiwa nzima ni chache. Nyingine hubeba tu tofauti zao na jirani zao. Kwa hiyo mkato hurudi hadi picha nzima iliyotangulia, pengine sekunde kadhaa nyuma. Kwa mchunguzi wa lugha ziada hiyo si hasara: ni afadhali kusikia mwitikio wa hadhira uliotangulia kuliko kumkata msimulizi katikati ya neno. Anayetaka mkato kamili huondoa «-c copy». Hapo video husimbwa upya, muda huongezeka na ubora hupungua kidogo. Kwa vyovyote, rekodi asilia huhifadhiwa nzima.