Lami Imekuja, Taa Je?

Wasee wa steji kuanzia Lodwar hadi Kakuma, hii ni yenu. Leo tubonge taa ya nduthi, juu hii kitu tunaichukulia poa na ni maisha yetu iko hapo.

Mchana wa Turkana si mchezo. Joto linapita digrii 35, lami inachoma hadi kwa soli, na wateja wote wamejibanza kwa kivuli. Doh ya maana inaanza jua likiinama. Mathe wa soko anataka mzigo ufike keja, msee ameshuka basi Kakuma na anaishia Kalobeyei, dem mjamzito anatakikana hospitali saa hiyo hiyo. Na hapa karibu na ikweta giza halibishi hodi. Ikipita saa moja jioni, ni wewe, nduthi na taa yako.

Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120 za barabara ya A1. Enzi ya mashimo, barabara yenyewe ndio ilikuwa inakukatia spidi. Saa hii lami imelala fiti, msee anavuta 80 na hata haskii. Cheki hesabu: ukiwa 80 unamaliza mita 22 kila sekunde. Macho yashtuke, mkono ufike breki, nduthi isimame, ushakula mita 80 hivi, na hiyo ni kama lami ni kavu na breki haina noma. Dimu ya nduthi mob haifiki hapo. Mbuzi akikatiza barabara ni afadhali, macho yake yanarudisha mwanga na unamnyita mapema. Ngamia ndio ngori. Mwili wake uko juu ya mwanga wa dimu, kwa hivyo taa inashika tu miguu minne, myembamba, rangi ya vumbi, na ukiiona ushafika.

Basi msee anaingia duka la spea anasema, "Nipe ile kali." Hapo ndio tunapotezwanga.

Nduthi mob za huku zinatoka kiwandani na balbu ya wati 35 kwa dimu na 35 kwa fuli. Ile unauziwa kama "kali" mara nyingi ni ya gari, wati 60 kwa 55. Kwa volti 12, wati 35 inavuta kama ampea 3, wati 60 inavuta 5. Waya na swichi zako hazikupangiwa hiyo kazi. Nimeshika holda iliyong'olewa kwa taa ya aina hiyo: plastiki imegeuka kahawia, imejikunja kando ya pini, waya umekauka hadi ukiukunja unakatika, na bado inanuka kuungua. Bakuli la ndani, lile la kurudisha mwanga, lilikuwa limeshika ukungu. Balbu kali ndani ya bakuli lililofifia ni ganji umetupa.

Na LED je? LED ya ukweli iko sawa, inakula umeme kidogo. Lakini kuna mambo mbili lazima uchanuke. Ya kwanza, usiku washa injini uelekeze taa kwa ukuta. Ikififia ukiachilia moto na kupanda ukivuta, hiyo taa huenda inakula umeme wa koili moja kwa moja, bila kupitia betri. Ukidunga LED rahisi hapo itapepesa, na haitakaa sana. Fundi wa waya aihamishie kwa laini ya betri kwanza, afu apime kama chaji inatosha. Ya pili, lile bakuli limechongwa kufuata kile kiwaya kidogo kinachowaka ndani ya balbu ya halojeni, kikae pale pale. LED ikikaa milimita chache nje, mwanga unatapanyika. Unachoma macho ya dere wa trela, na lami mbele yako bado ni giza.

Sasa niwachanue kitu fundi wazuri wanajua: mara mob balbu yako ya zamani haina shida, ni umeme haiufikii. Halojeni ikipata volti 11 badala ya 12, karibu robo ya mwanga imeishia. Na hiyo volti moja inapotelea njiani, kwa pini yenye kutu, kwa athi iliyolegea kwenye fremu, kwa swichi iliyojaa mchanga wa laga ya Kawalase ama Tarach. Kwa hivyo anza hapo. Osha kioo nje na ndani. Piga pini msasa, kaza athi. Mwambie fundi aweke mita kwa holda yenyewe injini ikinguruma, si kwa betri. Afu nunua balbu mpya ya wati 35 ya kampuni inayoeleweka, na usiguse kioo chake na vidole, juu mafuta ya ngozi yakipata moto yanaiua mapema. Ukitaka zaidi ya hapo, dai rilei, fyuzi na waya mnene. Fundi akikuambia hizo si lazima, tafuta mwingine.

Ikishawaka, ipime. Simamisha nduthi mita 5 kutoka kwa ukuta, chini pakiwa sawa, na abiria akiwa amekalia, juu mzigo nyuma unainua pua. Pima kutoka chini hadi katikati ya taa, piga alama hiyo kwa ukuta. Dimu ikae kama sentimita 5 chini ya alama. Ikiipita, unamulika nyota na kupofusha wasee.

Na tuheshimiane kwa barabara. Ukikutana na msee, shusha fuli mapema, usingoje akuambie. Anayekuja anaweza kuwa na mtoi nyuma. Vumbi likipanda, fuli inakurudishia ukuta mweupe, kwa hivyo rudi dimu. Na hata taa ikiwa moto, spidi yako isipite pale macho yako yanafika.

Naomba hivi: kila steji ichore mstari kwa ukuta mmoja, na chama inunue mita moja ya umeme ya kushare. Siku ya mchango jioni, kila nduthi ipite hapo kabla ya mtu kulipa. Tunachanganga za matanga kila saa. Hii ni doh kidogo sana, na inatumika msee akiwa bado anapumua.