Peleka maji kwenye gari, si gari kwenye maji

Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi mwishoni mwa Agosti, gari jeupe likitoka Bukavu asubuhi hufika Katana likiwa jekundu. Safari yenyewe si ndefu, kilomita 50 hivi kuelekea kaskazini kwa barabara ya taifa namba 2, kupitia Miti na Kavumu, lakini vumbi la njia hiyo huingia kila mahali: kwenye mikunjo ya milango, chini ya waipa, mpaka ndani ya taa. Mvua zikirudi mwezi wa tisa, vumbi hugeuka tope na kuganda uvunguni. Hapo dereva huteremka kwenye kijito cha karibu au mpaka kando ya ziwa Kivu, huingiza magurudumu ya mbele majini, na vijana wawili watatu hulivamia gari kwa vitambaa na sabuni ya unga. Baada ya muda mfupi linang'aa. Ila lisogelee jua linapoinama, uitazame boneti kwa upande: utaona mistari myembamba iliyojizungusha kama utando wa buibui.

Wenye magari huilaumu barabara, au husema rangi za siku hizi si kama za zamani. Barabara haina kosa hapo. Mistari ile ilichorwa wakati wa kuosha. Rangi ya gari kutoka kiwandani, ukijumlisha tabaka zote, kwa kawaida haizidi sana sehemu ya kumi ya milimita moja. Tabaka la juu kabisa, ile vanishi isiyo na rangi inayoleta mng'ao, kwa kawaida ni jembamba kuliko unywele wa mtu, na kimsingi ni plastiki iliyokauka. Vumbi la barabarani kwa upande wake limebeba mchanga, na ndani ya mchanga mna chembe za kwatsi. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga madini kwa ugumu kuanzia 1 hadi 10, kwatsi ina 7, na kioo cha dirisha hukaa karibu na 5.5. Maana yake, chembe inayoweza kukwaruza kioo inaburuzwa juu ya plastiki. Udongo wetu mwekundu, uliotokana na miamba ya volkano, humdanganya mtu kwa sababu ni laini ukiushika kidoleni. Tatizo ni kile kilichojificha ndani yake.

Mviringo wa mistari nao ni ujanja wa mwanga. Hata aliyefuta kwa mkono ulionyooka ataona duara, kwa kuwa jicho hunasa tu ile mikwaruzo inayoukingama mwanga. Iliyolala sambamba nao haionekani. Jua likihama, duara nalo linahama. Kwa hiyo kumwambia kijana asizungushe mkono husaidia kidogo sana ikiwa kitambaa chake tayari kimejaa mchanga.

Sabuni ya unga ina makosa yake. Imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo, na ukali wake huondoa pia ile nta inayoilinda rangi. Zaidi ya hapo, wengi huinyunyiza moja kwa moja kwenye kitambaa kabla haijayeyuka, wakaongeza punje juu ya punje. Kama shampuu ya magari haipatikani, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo tu ndani ya ndoo nzima, ni afadhali.

Ndugu zetu walioko Montréal, Ottawa au Brussels wana jambo la kutufundisha hapa. Huko, majira ya baridi, barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0. Yakikolea chumvi ya kutosha, hayagandi mpaka karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Baridi ikizidi, hutumika kloridi ya kalisi au ya magnesi, na mara nyingi huongezwa mchanga au kokoto ndogo ili matairi yashike. Gari hurudi nyumbani likiwa na utando mweupe mwili mzima, na mgeni wa theluji hudhani weupe huo ndio unaokwaruza. Sivyo. Chumvi ni laini, haifiki hata 3 kwenye kipimo cha Mohs, na ikikutana na maji huyeyuka ikaisha. Mchanga uliochanganyika nayo hauyeyuki. Basi wazoefu husubiri siku ambayo joto limepanda juu ya sifuri kidogo, maana maji yakiganda kwenye vitasa na mipira ya milango ni shida nyingine, kisha hulimwagia gari maji mengi kuanzia juu hadi uvunguni kabla ya mkono wowote kuligusa.

Haraka yao inatokana na kutu. Chuma kikikutana na maji pamoja na hewa hushika kutu, hilo kila mwenye jembe analijua. Chumvi huyafanya maji hayo yapitishe umeme vizuri zaidi, na kutu ni mchakato wa umeme mdogo mdogo unaotoka sehemu moja ya bati kwenda nyingine. Kloridi iliyomo ndani ya chumvi, kwa upande wake, hutoboa ule utando mwembamba unaokikinga chuma. Tena chumvi hunyonya unyevu wa hewani. Ile ya kalisi huweza kulowa hata hewa inapoonekana kavu, hivyo mkunjo wa bati unaodhani umekauka huwa bado una maji yake.

Msomaji wa Katana atauliza: sisi na theluji wapi na wapi? Jibu liko uvunguni mwa gari lake. Magari mengi yanayoonekana Bukavu ni mitumba ya Japani iliyoshushwa Dar es Salaam au Mombasa, na kule Hokkaido na pwani ya magharibi ya Honshu theluji huanguka kwelikweli, na barabara humwagiwa chumvi vilevile. Gari lililoishi huko linaweza kufika hapa na kloridi imejificha kwenye maungio ya bati na ndani ya shasi. Joto huharakisha kutu. Katana haina miezi ya kuganda, na unyevu upo karibu mwaka mzima, kwa hiyo kutu iliyoanzia Hokkaido haikosi chakula. Mwenye kudhani kwamba Toyota hailiwi na kutu akumbuke kuwa mwaka 2016, nchini Marekani, kampuni hiyo ilikubali kumaliza kwa suluhu kesi kuhusu shasi zilizooza za malori yake madogo, suluhu iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4.

Ndiyo maana mimi namshangaa mnunuzi anayezunguka gari akipapasa rangi. Alale chini na tochi. Agonge shasi kwa mpini wa bisibisi, sehemu baada ya sehemu: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti butu. Aangalie mirija ya breki. Apitishe kidole chini ya ukingo wa mlango, kwenye vile vitundu vidogo vya kutolea maji, ambavyo tope la barabara yetu huviziba vizuri kuliko gundi. Vikizibwa, maji ya mvua hukaa ndani ya mlango na kuuozesha kutoka ndani kuja nje. Siku rangi inapovimba, bati limekwisha kitambo. Tope lililoganda kwenye matao ya magurudumu nalo hutunza unyevu siku nyingi baada ya barabara kukauka. Kama saa moja ya kuosha ni lazima igawanywe, nusu yake iende huko chini, hata kama hakuna atakayeisifia kazi hiyo.

Sasa maji yenyewe. Maji ya juu ya ziwa Kivu yana kiasi cha gramu moja ya chumvichumvi katika kila lita. Bahari ina gramu 35 hivi, kwa hiyo ni kidogo, lakini bidoni ya lita 20 inabeba karibu vijiko vinne vya chai. Asili yake ni volkano: chemchemi zinazopita kwenye miamba huingia ziwani kutoka chini zikiwa zimesheheni madini. Hii si chumvi ya mezani, bali zaidi ni bikaboneti za sodiamu, magnesi na potasi, na haili chuma kama ile ya theluji kwa kuwa kloridi yake ni chache. Taabu yake ni vidoa. Gari likikaushwa juani, maji huondoka na madini hubaki, vikatokea vialama vyeupe juu ya rangi nyeusi. Kijana huviona, huchukua kitambaa kikavu, husugua kwa nguvu, na kazi yote imeharibika. Vialama hivyo hutolewa kwa siki iliyozimuliwa kwa maji mengi, kisha gari huoshwa tena. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati karibu hayana madini kabisa, na mwenye pipa la kukinga hana sababu ya kuteremka ziwani.

Hoja nzito zaidi ya kuliweka gari mbali na kijito iko kwenye miguu ya anayeliosha. Miaka ya 1990, watafiti wa kituo cha Lwiro, pale pale jirani, walichapisha matokeo yao kuhusu konokono wanaobeba kichocho katika eneo la Katana. Kichocho cha tumbo hakisambai kwa kunywa maji. Vibuu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi, zaidi mchana jua linapowaka, yaani saa zilezile za kuosha magari, na hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Kisumu, upande wa Kenya wa ziwa Victoria, wanasayansi wamefuatilia kwa miaka waoshaji wa magari wanaosimama ndani ya maji ya ziwa: hutibiwa, hurudi kazini, huambukizwa tena, ingawa baadhi yao baada ya kutibiwa mara kadhaa huanza kujenga kinga. Dawa ipo, prazikwanteli, na inafanya kazi, ila haimlindi mtu na maji ya kesho. Anayesimama majini kila wiki na kuona damu kwenye choo au tumbo kuuma bila sababu, aende kituo cha afya na aseme waziwazi kazi anayofanya.

Kuna pia wanaochota maji chini ya kijito. Grisi na oili ya injini inayoondoka na povu huteremka mpaka pale mama anapochota. Kandokando ya ziwa hili, ambako kipindupindu si kigeni, kila mahali safi pa kuchotea maji ni mali.

Maji yachotwe, basi, yakasubiri. Vibuu vya kichocho haviishi zaidi ya saa 48 hivi nje ya konokono. Bidoni zikijazwa Alhamisi na kufunikwa, bila konokono ndani, Jumamosi jioni hatari hiyo imekwisha. Muda huohuo mchanga umetulia chini ya bidoni. Mimina taratibu, uache vidole vinne vya mwisho, na utakuwa umeondoa kile ambacho kingekwaruza rangi. Anayechota aingie majini kwa muda mfupi, asubuhi na mapema, na buti za mpira kama anazo. Kusubiri huko hakuyafanyi maji yawe ya kunywa.

Gari liwekwe kivulini, boneti iwe imepoa, mbali na kijito, mahali ambapo maji machafu yatazama ardhini. Kwanza ni maji matupu, mengi, kutoka paa kushuka. Tope gumu lisikwanguliwe. Lilowanishwe, liachwe dakika kadhaa, limwagiwe tena mpaka lidondoke lenyewe. Kwa uvunguni, pampu ya mgongoni ya kunyunyizia mazao inafaa sana, mradi iwe mpya na haijawahi kutiwa dawa, kwa sababu shingo yake ndefu hufika kwenye matao na nyuma ya bampa. Baada ya hapo ziletwe ndoo mbili, moja ya povu, nyingine ya maji ya kusuuzia kitambaa. Kitambaa kiwe cha pamba nene au maikrofaiba, si shati kuukuu lenye vifungo. Paa kwanza, kisha vioo, boneti, milango nusu ya juu, na mwisho nusu ya chini, ambako mchanga ni mwingi. Kila baada ya sehemu moja, kitambaa kisuuzwe kabla ya kurudi kwenye povu. Kikianguka chini, kisirudi kwenye rangi siku hiyo, hata ukikikung'uta mara ngapi. Magurudumu yana kitambaa chao.

Kujua kama rangi imesafika kweli, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upitishe vidole polepole juu ya boneti ikiwa bado na maji. Plastiki hukuza hisia. Ukisikia vidole vinakwama, bado kuna chembe, rudi kwenye maji. Ukiteleza bila kukwama, kausha kwa kulaza kitambaa na kukiinua, bila kuburuta.

Yote haya yanagharimu, na hapo ndipo ushauri wa namna hii hukwama. Kijana anayeosha hulipwa kwa gari, si kwa saa, na bidoni za maji hupandishwa kilima mgongoni au kwa pikipiki. Akiwa na bidoni mbili tu za kazi nzima, ataanza kusugua kabla ya kumwaga, na nani atamlaumu? Mwenye gari anayetaka limwagiwe maji vizuri anunue bidoni nne za ziada tangu Alhamisi, apatane bei kabla ya kazi kuanza, na asimhimize kijana kwa honi.