Ukungu Uliozaa Dawa Mbili

Kiswahili kimeviita kwa jina moja vitu viwili ambavyo mkulima wa Kabianga, Kericho, hukutana navyo kabla jua halijapanda. Kuna ukungu unaolala juu ya mashamba ya chai hadi mchumaji analowa kiunoni. Kisha kuna ukungu unaoota ghalani, manyoya ya kijivu juu ya mahindi yaliyovunwa mabichi na juu ya nyasi za ng'ombe zilizonyeshewa. Huu wa pili ndio chanzo cha dawa mbili wanazomeza wagonjwa wa Kericho na Bomet: wafarini, ya kuzuia damu kuganda, na statini, ya kushusha kolesteroli.

Habari ya wafarini inaanza kwa ng'ombe. Miaka ya 1920, Kanada na kaskazini mwa Marekani, ng'ombe wazima walikatwa pembe au kuhasiwa, na damu haikukata tena. Daktari wa mifugo Frank Schofield alibaini kwamba walikuwa wamelishwa klova tamu iliyoota ukungu. Februari 1933, katikati ya dhoruba ya theluji, mkulima Ed Carlson aliendesha gari karibu kilomita 300 hadi Madison, Wisconsin. Alikuwa na mzoga wa mtamba, nyasi zilizoharibika, na kopo la damu iliyokataa kuganda. Alifikia kwa mkemia Karl Link. Ilichukua miaka sita kuipata kemikali yenyewe: klova ina kumarini isiyo na madhara hayo, na ukungu ndio unaoigeuza kuwa dikumaroli. Wafarini, ndugu yake mwenye nguvu zaidi, iliuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani akapewa baada ya mshtuko wa moyo.

Wagonjwa wakisikia habari ya panya hushtuka. Wasishtuke. Kinachotenganisha sumu na tiba hapa ni kiasi, na kiasi hicho hupimika.

Katika nchi hii ya chai, wengi wa wanaohitaji wafarini si wazee. Koo la mtoto linalouma kwa sababu ya bakteria, lisipotibiwa kwa penisilini, laweza kuleta homa ya rumatiki, na homa hiyo hukunja na kukaza vali za moyo. Hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, hupasua moyo na kubadilisha vali hizo. Ukikaa kimya karibu na mtu mwenye vali ya bandia ya kimekanika, utaisikia ikigonga taratibu kama saa ya mkononi. Damu hupenda kuganda juu ya kitu kigeni, na donge likichomoka hapo laweza kupanda hadi ubongoni na kuleta kiharusi. Ndiyo maana mwenye vali hiyo humeza wafarini maisha yake yote.

Sasa tuingie jikoni. Ini hutumia vitamini K kukamilisha protini nne za kugandisha damu. Baada ya kazi hiyo mwili huirudisha vitamini hiyo katika hali ya kutumika tena, na wafarini huzuia marejesho hayo. Vitamini K yenyewe hutoka kwenye mboga za kijani: sukuma wiki, managu, saga. Mvua ndefu zikishika, managu na saga huota hadi kando ya boma na kila mlo una rundo la kijani. Januari kukikauka, sufuria hurudi kwa kabichi, yenye vitamini K kidogo kuliko sukuma. Mgonjwa hajabadilisha kidonge hata kimoja, lakini kipimo chake cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kimeyumba. Asiyetumia dawa huwa na INR ya 1 hivi. Mwenye vali ya bandia hutakiwa abaki kati ya 2 na 3, au 2.5 na 3.5 kutegemea vali. Ikishuka, damu huganda. Ikipanda mno, hutoka.

Kwa hiyo mtu huambiwa, "Acha mboga." Naupinga ushauri huu kwa moyo wote. Ukimwondolea mtu wa hapa mboga, ugali wake umebaki na nini? Na mwili uliokauka vitamini K huyumba hata kwa majani machache ya siku moja. Ale mboga, ila kiasi kilekile wiki hadi wiki, na kidonge kipimwe kwa kuifuata sahani yake.

Chai nayo hulaumiwa bure. Majani makavu yana vitamini K nyingi, lakini hiyo huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Sehemu kubwa hubaki na machicha kwenye kichujio.

Hatari kubwa iko dukani. Flagyl ya tumbo au Septrin ya kifua, iliyonunuliwa bila kuuliza, huweza kupandisha INR ndani ya siku chache. Brufen huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni. Rifampisini ya kifua kikuu huivuta INR chini sana. Na msichana mwenye vali ya bandia anayetarajia kuolewa aambiwe mapema: wafarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya kwanza, hivyo amwone daktari kabla ya kushika mimba, na asiiache mwenyewe.

Ukungu wa statini ulitoka kwenye mchele. Akira Endo, mtoto wa wakulima wa Akita, Japani, alipima aina zaidi ya 6,000 za kuvu. Mwaka 1973 alipata katika ukungu wa bluu na kijani wa mchele kemikali inayozuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli. Statini ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1987. Endo alifariki Juni 2024, akiwa na miaka 90.

Mwenye wafarini akiandikiwa statini, aitoe kadi yake ya INR kabla hajapokea vidonge. Rosuvastatini na simvastatini huweza kuipandisha INR, basi apimwe tena siku chache baada ya kuanza: ukungu wa klova na ukungu wa mchele umekutana katika ini moja.