Mayai ya Safura Hayamsubiri Mpimaji

“Hakuna mayai yaliyoonekana.” Mzazi wa Handeni au Korogwe akisoma maneno hayo kwenye karatasi ya maabara huondoka akiamini kuwa mwanawe hana minyoo. Karatasi haijasema hivyo. Imesema kuwa katika chembe ile ya choo, siku ile, mpimaji hakuona yai.

Na chembe yenyewe ni ndogo mno. Kwenye zahanati choo huchanganywa na tone la maji ya chumvi juu ya slaidi, na kinachotazamwa kwa hadubini ni miligramu 2 hivi tu. Chango hukamatwa kirahisi, kwa sababu jike mmoja hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku. Minyoo wa safura hutaga machache sana kuliko hayo, na idadi hupanda na kushuka siku hadi siku. Ndiyo maana choo cha siku mbili au tatu hufichua walioukwepa uchunguzi wa siku ya kwanza.

Watafiti hutumia kipimo cha Kato-Katz, kilichobuniwa Japani miaka ya 1950 na kuboreshwa Brazili mwaka 1972. Choo huchujwa, hujazwa kwenye tundu linalobeba miligramu 41.7, kisha hufunikwa kwa karatasi ya selofani iliyolowekwa kwenye gliserini. Mayai yakihesabiwa na kuzidishwa mara 24, hupatikana idadi ya mayai kwa kila gramu moja ya choo. Gliserini hung’arisha uchafu ili mayai yaonekane. Lakini yai la safura lina ganda jembamba, nalo hung’arishwa mpaka halionekani tena. Slaidi inatakiwa isomwe ndani ya dakika 30 hadi 60. Timu ikiandaa slaidi asubuhi katika shule ya Handeni, ikazisoma jioni Korogwe mjini, itaona chango na minyoo mjeledi, na safura itaandikwa sifuri.

Kosa hilo linaniuma kuliko mengine yote. Minyoo wa safura hunyonya damu, na huku kwetu malaria nayo huimaliza damu ya watoto. Mtoto aliyepauka akitibiwa malaria peke yake, mwenye kumnyonya anabaki tumboni. Tena kadiri dawa za minyoo zinavyogawiwa shuleni, ndivyo maambukizi yanayobaki yanavyokuwa mepesi, na ndivyo hadubini inavyozidi kuyakosa.

Kwa hiyo peleka choo cha asubuhi hiyo hiyo, kwenye kopo safi, kisichochanganyika na mkojo wala udongo. Kikilala kwenye joto, mayai ya safura huanguliwa, na vibuu vyake huweza kudhaniwa kuwa mnyoo mwingine. Kichocho cha mkojo hakitafutwi kwenye choo: kinahitaji mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi.

Amiba, nayo hutafutwa kwenye choo, inapotosha kwa upande wa pili: mtu huambiwa anayo ilhali hana ugonjwa. Ile inayochana utumbo ina pacha asiye na madhara, na kwa hadubini sisti zao zinafanana kabisa. Chembe nyekundu za damu zikionekana ndani ya amiba hai, hapo mpimaji ana ushahidi mzito. Asiye na choo cha damu wala maumivu, akaambiwa “una amiba”, ana haki ya kumuuliza mpimaji ameona nini hasa kabla ya kumeza dawa.