Vetete ya plato tatu, fundi wa Mikelenge anabakisha moja

Ukipita asubuhi mbele ya mafundi kinga wa Mikelenge, utaikuta vetete imepinduliwa, gidoni chini, magurudumu juu, na mwenyewe amekaa juu ya bidoni anangojea. Tulikaa nao siku moja. Aliyengojea ni mchimbaji, baba wa watoto wanne. Kinga yake inavuka naye mto kwa mtumbwi hadi Alunguli, halafu inashika barabara ya Kalima.

Juma lililopita cheni iliruka mbele, ikajibana kati ya plato ndogo na fremu, kwenye mlima wa matope, mzigo uko nyuma. Alipomaliza kuitoa kwa vidole, giza lilikuwa limeingia. Alifika Alunguli mitumbwi imekwisha kufungwa, akalala huko huko. Mama nyumbani hakulala, sababu telefone ya bwana ilikuwa imezima. Ndiye aliyesema asubuhi yake: « Baba watoto, hii kinga iende kwa fundi, watoe ile kitu. »

Ile kitu ni deraiyeri ya mbele. Vetete nyingi zinazofika kwetu ziko na plato tatu, ya meno 42, ya 32 na ya 22, na nyuma pinyo saba. Deraiyeri ya mbele inasukuma cheni toka plato moja kwenda ingine. Njia ikiwa kavu inafanya kazi vizuri. Lakini udongo wetu mwekundu ukiingia ndani, waya unashika kutu, chuma kinakaa nusu njia, na cheni haijui tena iende wapi.

Hata Ulaya na Marekani wamechoka nayo. Mwaka 2012 kampuni SRAM ilitoa mfumo wa XX1, plato moja tu mbele na pinyo 11 nyuma, meno ya plato yakipishana, moja nene moja jembamba, ili cheni isitoke. Watu walilipa pesa nyingi. Kumbe kinga nyeusi za babu zetu zilikuwa na plato moja tangu zamani, ila nyuma pinyo ilikuwa moja pia.

Sasa, ubakishe plato gani? Hapo ndipo kelele zilianza. Vijana waliokuwa pale walitaka ya 42, sababu inakimbia. Mchimbaji wetu naye alielekea huko. Fundi akamuuliza:

— Yaya, ukiwa na mufuko ya kasiterite nyuma, mulima unaupanda kwa pedali ao unasukuma?

— Ninasukuma.

— Basi hiyo kubwa ni ya kukimbiza nani?

Tulipiga hesabu. Kwa gurudumu la inchi 26, kwenye pinyo kubwa ya meno 28, mzunguko mmoja wa pedali kwa plato ya 42 unakupeleka mita 3 na kidogo. Kwa ya 32, mita 2 na nusu hivi. Kwa ya 22, mita 1 na nusu na kidogo. Hiyo ya 22 ni ya kupanda milima, lakini mwenye mzigo anashuka na kusukuma, basi akiikosa hapotezi kitu kikubwa. Ya 42 inakula magoti ya mtu anayerudi amechoka toka shantie, mtoto amekaa kwenye portebagaji. Sisi tunaona fundi ana haki: ya katikati. Anayezunguka mjini tu, kwenye tambarare, afanye anavyotaka.

Kwenye kinga za bei ndogo plato zimepigwa riveti pamoja. Usiruhusu mtu azikate kwa msumeno. Acha zote tatu mahali pake, cheni ikae katikati. Toa waya tu. Sanduku la deraiyeri libaki, likazwe kwa visi yake juu ya plato ya katikati kama visi inafika, lizuie cheni isianguke ndani.

Halafu cheni ipunguzwe, na hapa wengi wanaharibu. Izungushe kwenye plato na pinyo kubwa kabisa, bila kuipitisha kwenye deraiyeri ya nyuma. Pale ncha zinapokutana, ongeza viungo 2, ndipo ukate. Ikibaki ndefu, italegea na kuruka tena. Ikiwa fupi, siku utakapoweka pinyo kubwa itang'oa deraiyeri ya nyuma, na hiyo ni hasara kweli.

Pima kwanza kama cheni yenyewe ingali nzima: viungo 24 vya cheni mpya ni sentimeta 30 na nusu. Ikizidi milimita 3, imekwisha, na ukiweka mpya juu ya pinyo zilizochongoka itaruka pia.

Kazi ilichukua chini ya saa moja. Mchimbaji aliijaribu kwenye mteremko wa kwenda mtoni, akarudi anapiga pedali bila neno. Viungo vilivyokatwa fundi alivifunga kwenye kipande cha saketi, akamtia mfukoni: vya siku cheni itakapokatika njiani.